Pima Maji Kabla ya Kupima Bustani

(Maneno ya hotuba iliyotolewa barazani Mtito Andei juu ya bustani za mboga za nyumbani)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya bustani ya mboga iliyo karibu na nyumba: mahali pa kuiweka, ukubwa wake, namna ya kuichimba, na mbegu za kutangulia. Kwa mtu mwenye ekari nyingi jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini kila jioni swali la mama wa nyumba ni moja: leo tutakula nini pamoja na ugali? Chakula chetu cha muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharagwe, ni chakula cha nguvu. Hata hivyo mtoto anayekua hahitaji nguvu peke yake. Majani mabichi ya rangi ya kijani iliyokoza, kama kunde, mchicha na sukuma wiki, humpa vitamini A ya kuyalinda macho na madini ya chuma ya kuongeza damu. Asiyekuwa nayo uani kwake hapana budi ayanunue sokoni, na wakati wa kiangazi mboga huwa chache na bei hupanda.

Kwa hiyo si lazima nitumie muda wenu kuwashawishi kwamba bustani ni kitu chema. Hilo mwalijua. Wengi wenu mmekwisha kujaribu. Ninalotaka tulifikiri pamoja ni hili: kwa nini bustani nyingi za nyumbani katika sehemu hizi huanzishwa mwezi wa Novemba kwa furaha, na ifikapo Februari zimekufa?

Watu husema ni jua. Wengine husema ni udongo, au mbuzi wa jirani. Sababu zote hizo zipo, nami nitazitaja. Lakini sababu iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba bustani ilipimwa kwa macho ya Novemba, wakati mvua inanyesha na kila kitu ni kijani. Mtu alitazama nafasi aliyo nayo, akaichimba yote. Hakujiuliza mwezi wa Februari, au mwezi wa Septemba, atapata maji ya kunywesha nafasi hiyo wapi, na nani atakayeyabeba. Hapa Mtito Andei ardhi si haba. Kilicho haba ni maji. Basi kanuni ya kwanza ya mkulima wa bustani ni kupima maji kabla ya kupima ardhi.

Hesabu ya maji

Hesabu yenyewe si ngumu, na mtoto wa shule aweza kuifanya. Tuchukue kitanda kimoja cha mboga chenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4. Hicho kina mita za mraba 4. Katika siku za jua kali na upepo mkavu, kila mita moja ya mraba yenye mboga zilizokwisha kukua huhitaji karibu lita 5 za maji kwa siku. Basi kitanda hicho kimoja huhitaji lita 20, yaani mtungi mmoja, kila siku.

Sasa tutazame akiba. Tuseme mtu ana tangi la lita 5,000 lililojaa mwishoni mwa Mei, mvua za masika zilipokwisha. Toka Juni mpaka katikati ya Oktoba ni karibu siku 135. Nusu ya maji hayo ni ya kunywa na kupikia, hiyo haiguswi. Nusu iliyobaki, lita 2,500, ikigawanywa kwa siku 135 ni lita 18 na nusu kwa siku. Mmeona? Tangi kubwa ambalo watu wengi hutamani kuwa nalo hunywesha kitanda kimoja tu cha mita 4 za mraba, na hata hicho kwa kubana kidogo.

Lakini maji hayaishii katika tangi. Yako maji yanayomwagwa kila siku: ya kuoshea vyombo, ya kusuuzia nguo, ya kuogea. Nyumba ya watu sita ikiyakusanya kwa uangalifu, haikosi kupata mtungi mmoja kwa siku, na pengine zaidi. Hicho ni kitanda cha pili. Maji ya sabuni kidogo hayadhuru udongo yakimwagwa chini ya mimea, wala si juu ya majani, na mahali pa kuyamwaga pakibadilishwa badilishwa. Maji yenye dawa kali za kusafishia choo, au yaliyofuliwa nepi za watoto, yasipelekwe katika mboga kabisa. Afadhali yaliyofuliwa au kuogewa yapewe mapapai na migomba, ambayo matunda yake huwa juu, mbali na udongo.

Kwa watu wengi, basi, bustani ya kiangazi ni vitanda viwili. Mtu atasema, "Nitaongeza cha tatu, na maji yatatoka bombani au mtoni." Vema, lakini afanye hesabu mpaka mwisho. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Kitanda kimoja cha ziada kwa siku 135 ni mitungi 135, na uzito wake ni kilo 2,700. Mzigo huo utabebwa na nani? Katika nyumba nyingi ni mama au binti, kwa ukanda wa mukwa uliopitishwa juu ya kipaji cha uso. Mwenye punda amepata msaada, lakini punda naye ana kazi nyingine. Na pale ambapo maji hununuliwa, mtu aweke bei ya mitungi 135 upande mmoja, na thamani ya mboga zitakazotoka upande mwingine, ndipo aamue. Nawasihi wanaume waliomo humu barazani: jambo la ukubwa wa bustani lisikatwe na mwenye jembe peke yake. Mwenye mtungi aulizwe kwanza.

Basi je, tusipande zaidi ya vitanda viwili? La, wakati wa mvua tupande hata vitano au sita, maana mvua ndiyo itakayonywesha. Ila tujue tangu mwanzo kwamba vitanda vinne ni vya mvua, na viwili ni vya kiangazi. Mvua zikatikapo, vile vya mvua huvunwa vyote, hufunikwa kwa nyasi na samadi, na kuachwa vipumzike mpaka msimu ujao. Kukiacha kitanda kipumzike kwa kukusudia si kushindwa. Kushindwa ni kugawanya mtungi mmoja kwa vitanda sita mpaka vyote sita vife.

Nasisitiza hesabu hii kwa sababu twajua hali ya mbingu zetu. Katika Ukambani mvua za vuli, za Oktoba mpaka Desemba, ndizo za kutegemewa kuliko za masika. Lakini hata hizo hukosa. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, katika nchi nyingi za Pembe ya Afrika pamoja na sehemu kame za Kenya, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo. Bustani iliyopangwa kwa mwaka mwema tu haiwezi kustahimili miaka kama hiyo. Bustani ndogo iliyopangwa kwa mwezi mbaya huweza.

Maji yaliyo juu ya bati

Kabla ya kutoka katika habari ya maji, natazama nyumba zilizo hapa na kuona mabati mengi yasiyo na mifereji. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Nyumba yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 ina paa la mita za mraba 60. Mvua ya milimita 20 katika usiku mmoja, ambayo si ajabu mwezi wa Novemba, ni lita 1,200 zilizoanguka juu ya nyumba hiyo. Na msimu ukileta milimita 300, ni lita 18,000. Tukitoa sehemu moja ya tano kwa yale yanayorukia pembeni na kukauka, bado ni lita 14,400.

Kwa hiyo tangi la lita 5,000 litajaa na kufurika zaidi ya mara moja. Yale ya kufurika yasiachwe yachimbe korongo uani. Chimbeni mfereji mdogo uyapeleke katika mashimo ya mapapai na katika vitanda vya mboga, ili udongo wenyewe uwe tangi la pili. Mtu asiyeweza kununua tangi kwa sasa aweza kuanza na mfereji wa bati na mapipa mawili. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwamba udongo waweza kuwa tangi si maneno ya kupamba hotuba. Tazameni upande wa magharibi, milima ya Chyulu. Juu yake hapana mto wa kudumu. Mvua inayonyesha pale huzama katika mawe ya volkeno yenye matundu, husafiri chini ya ardhi, kisha hutokea katika chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Maji hayo yalivutwa kwa bomba mpaka Mombasa katika miaka ya 1950, na mji ule ungali unayanywa. Maji yaliyozama hayakupotea; yaliwekwa mahali ambapo jua haliwezi kuyafikia. Nasi katika bustani zetu twataka kufanya vivyo hivyo kwa kipimo kidogo.

Mahali pa bustani

Baada ya kupima maji, ndipo tuchague mahali. Msikimbilie kona iliyo tupu kwa kuwa haina kazi nyingine. Mahali pazuri pana sifa hizi.

Kwanza, pawe karibu na jiko. Bustani iliyo hatua 20 kutoka mlangoni huonwa mara kumi kwa siku. Mdudu akiingia, ataonekana. Kuku akiingia, atafukuzwa. Na maji ya vyombo yatafika bila safari. Bustani iliyo nyuma ya zizi husahauliwa.

Pili, pawe chini kidogo ya tangi au pipa katika mteremko, ili maji yashuke yenyewe. Lakini pawe upande wa juu wa choo cha shimo, na mbali nacho, ili mvua kubwa isilete uchafu katika mboga.

Tatu, tazameni jua. Mboga zahitaji jua si chini ya nusu ya siku, ila jua la mchana wa hapa ni kali kupita kiasi. Upande wa mashariki wa nyumba ndio mwema: mimea hupata jua la asubuhi, na alasiri kivuli cha nyumba huifunika. Sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, na Desemba hupita upande wa kusini. Kivuli cha ukuta hubadilika basi. Chukueni siku moja, mpigilie vijiti vinne mahali mnapopataka, mwangalie saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa mchana, vijiti vipi viko juani na vipi viko kivulini. Siku hiyo moja ya kutazama yaokoa kazi ya mwaka.

Nne, miti. Kivuli chepesi cha mpapai au mlonge chafaa. Lakini bustani isiwekwe chini ya mwarubaini mkubwa au mgunga, kwa maana mizizi yake itakunywa mtungi wako kabla ya sukuma wiki kuonja.

Tano, upepo. Upepo wa kusi katika miezi ya Juni mpaka Septemba hukausha udongo kuliko jua. Pandeni mstari wa mbaazi upande wa kusini-mashariki wa bustani. Mbaazi zitakinga upepo, na nafaka yake italiwa.

Sita, kwa wenzetu wanaokaa mjini kando ya barabara kuu ya kwenda Mombasa. Mji wetu uko karibu nusu ya njia kati ya Nairobi na Mombasa, na malori hayalali. Maji yanayotiririka kutoka barabarani na kutoka mahali malori yanapoegeshwa huwa na mafuta. Yasielekezwe katika mboga. Wala msipande katika ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara au reli, maana kazi yenu yaweza kung'olewa wakati wowote.

Anayepanga chumba, asiye na ua, asidhani kwamba hotuba hii haimhusu. Gunia moja la udongo na samadi, lenye nguzo ya kokoto katikati toka chini hata juu, hubeba miche ya sukuma wiki juu na ubavuni. Nguzo hiyo hujengwa kwa kopo lisilo na kitako: hulijaza kokoto, hujaza udongo pembeni, kisha hulivuta juu, na kuendelea hivyo mpaka gunia lijae. Maji hutiwa juu ya kokoto, yakafika mizizi ya chini. Na mwenyeji akihama, mbegu na ujuzi huhama naye.

Kuchimba

Udongo mwekundu wa hapa una tabia moja: mvua ya kwanza ikiupiga, juu huganda kama sakafu, na maji yanayofuata huteleza na kwenda zake. Katika nchi zenye mvua nyingi watu huinua matuta ili maji yasisimame. Sisi twapaswa kufanya kinyume chake. Kitanda chetu na kizame.

Chimbeni kwa kina cha sentimita 60. Udongo wa juu, wenye rutuba, uwekwe upande mmoja, na ule wa chini upande mwingine. Chini kabisa wekeni mabua ya mahindi na majani makavu, kisha udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza. Samadi ya mbuzi iliyo mbichi huunguza miche; iachwe ipoe kwanza kwa miezi miwili au mitatu. Jazeni mpaka kitanda kibaki chini ya uso wa ardhi kwa sentimita 10 au 15. Ule udongo wa chini uliobaki ufanywe ukingo pande zote. Hapo kila tone litakaloanguka litakaa ndani. Upana usizidi mita 1, ili mtu aweze kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga.

Kazi hii ni nzito, nami sifichi. Lakini hufanywa mara moja kwa miaka kadhaa, na hapa Ukambani tuna desturi ya mwethya. Kikundi cha watu kumi kwa asubuhi moja huchimba vitanda ambavyo mtu mmoja angevichimba kwa majuma kadhaa, kisha kesho wakaenda kwa mwingine.

Yuko atakayeuliza kama kazi ya jembe na mikono yaweza kweli kubadili nchi kame. Jibu liko katika historia yetu wenyewe. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni waliitazama wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Makueni, wakaona mmomonyoko wa kutisha. Wengi walidhani kwamba nchi hiyo imekwisha. Mwaka wa 1994 wataalamu Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya wilaya hiyo. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko ulipungua na mazao yaliongezeka. Sababu moja kubwa ilikuwa matuta ya "fanya juu", ambayo watu waliyachimba wenyewe, mara nyingi kwa mwethya, ili kuzuia udongo na maji.

Na huko Burkina Faso, katika Sahel, alikuwako mkulima aliyeitwa Yacouba Sawadogo. Katika ukame wa miaka ya 1980, wengine walipokuwa wakihama, yeye aliyatengeneza upya mashimo ya kienyeji yaitwayo zai, akayachimba wakati wa kiangazi na kuyatia samadi yakingoje mvua. Ardhi iliyokuwa ngumu kama jiwe ilitoa mtama, na baadaye msitu. Mwaka wa 2018 alipewa Tuzo ya Right Livelihood, na alifariki mwaka wa 2023 akijulikana duniani kote. Chombo chake kilikuwa jembe. Angalieni jambo moja katika kazi yake: alichimba kabla ya mvua. Shimo likichimbwa baada ya mvua ya kwanza, mvua hiyo imekwisha kupotea.

Mbegu na majira

Kwa hiyo ratiba yetu na iwe hivi. Agosti na Septemba tuchimbe na kutia samadi. Mwanzoni mwa Oktoba tusie sukuma wiki na nyanya katika kitalu kidogo kilichotiwa kivuli, ambacho hunyweshwa kwa kopo tu. Mvua zikishika vema, kwa kawaida mwezi wa Novemba, miche ihamishwe jioni, jua likiwa limepoa. Siku ile ile ya mvua kunde, mchicha na malenge hupandwa moja kwa moja katika vitanda vya mvua.

Kwa anayeanza, nashauri atangulize kunde na mchicha. Majani yake huanza kuchumwa baada ya majuma matatu au manne, na mafanikio ya haraka humtia mtu moyo. Mgagani na mnavu ni mboga za bibi zetu, nazo hustahimili hali ya hapa kuliko mboga nyingi za kigeni. Sukuma wiki hunywa maji zaidi, kwa hiyo iwekwe katika vile vitanda viwili vya kiangazi. Kitanda cha mita 4 chapokea mistari miwili yenye miche 9 kila mmoja, kwa nafasi ya sentimita 45. Katika pembe za bustani pandeni mpapai na mlonge. Mlonge, ukishashika mizizi, hutoa majani ya kupikwa hata wakati ambapo kitanda kimelala.

Ikiwa maji yenu ni ya kisima chenye chumvi, kama yalivyo mengi katika sehemu hizi, angalieni kama udongo waacha ukoko mweupe juu. Miche michanga inyweshwe maji ya mvua. Maharagwe hayapatani na chumvi. Spinachi na viazisukari vyekundu vya saladi, yaani bitiruti, huvumilia zaidi. Na mvua kubwa ya Novemba iachwe ijaze kitanda na kuisukuma chumvi chini.

Miche ikisimama imara, funikeni udongo kwa nyasi kavu kwa unene wa vidole vinne. Kitanda kilichofunikwa hutumia maji kidogo kuliko kilicho uchi. Lakini nyasi huita mchwa, basi ziachwe mbali kidogo na shina, na mzikague kila asubuhi. Maji yatiwe asubuhi mapema au jioni, kwenye mizizi. Maji ya saa sita ni zawadi kwa jua.

Wageni wasioalikwa

Sikusahau mbuzi na kuku. Bustani isiyo na ua ni malisho. Boma la matawi ya miiba latosha kwa kuanzia, likitengenezwa kila mwezi, na lijengwe kabla ya kupanda. Nyani na tumbili ni shida zaidi, na dawa yao kubwa ni ile niliyokwisha kuitaja: bustani iwe karibu na mlango, penye macho ya watu.

Kuna na mgeni aliye mkubwa kuliko wote. Tumepakana na mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka wa 1948, na tembo hawajui mpaka. Nyumba zilizo ukingoni mwa mbuga zisipande tikiti maji na migomba upande wa porini, wala zisiache tangi peke yake upande huo, kwa maana tembo mwenye kiu huvunja tangi. Pilipili hawaili, iwe mstari wa nje. Huko Sagalla, karibu na Voi, mtafiti Lucy King na wakulima wa kijiji wametundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, ikiunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Na imeonekana kwamba tembo wengi hurudi walikotoka, na mkulima hupata asali. Wakamba ni wafugaji wa nyuki tangu zamani. Ua wa namna hii haumfai mtu mmoja mwenye vitanda viwili, lakini majirani kumi wakiungana wanaweza. Na tembo akiisha kuingia, mtu yeyote asitoke usiku kumfukuza kwa ajili ya sukuma wiki. Mboga huota tena. Mwiteni askari wa wanyama.

La kufanya juma hili

Ndugu zangu, nimesema mengi, na kesho mtasahau mengine. Basi nawapa kazi moja tu ya juma hili, nayo haihitaji jembe wala fedha. Kwa siku saba, kila nyumba ihesabu mitungi inayoingia na ndoo za maji machafu yanayomwagwa. Andikeni ukutani kwa mkaa mkipenda. Siku ya nane, bwana na bibi wakae pamoja wagawanye hesabu ile: lita 20 kwa kitanda kimoja cha mita 4. Jibu likiwa kitanda kimoja, na mchimbe kimoja, mkichimbe kwa kina, mkilishe samadi na mkifunike vema. Kitanda kimoja kinacholisha watoto mwezi wa Septemba kina heshima kuliko vitanda kumi vilivyokauka mwezi wa Februari.

Mwakani, mifereji ya bati ikiongezeka, vitanda navyo vitaongezeka. Lakini vifuate maji; visiyatangulie.

 Mwenye swali na asimame aulize.